Bi Kidude na Kiolezo cha Wasifu

1. Utangulizi

Tarehe 17 Aprili 2013 alifariki dunia huko Unguja Fatuma binti Baraka, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Bi Kidude. Siku iliyofuata alizikwa katika kijiji cha Kitumba, na Rais Jakaya Kikwete alikuwa miongoni mwa waliohudhuria mazishi yake. Aliombolezwa kama malkia wa taarab na hazina ya taifa. Sifa hizo alizistahili. Hata hivyo, mtu aliyepata kumwona jukwaani hakosi kujiuliza kama tanzia zile zilimhusu mwanamke yule yule aliyevuta sigara mbele ya hadhara, aliyekunywa pombe katika mji wa Kiislamu bila kuficha, aliyezikimbia ndoa mbili, asiyejaliwa mtoto, na ambaye pamoja na umaarufu wake wote hakupata kuwa tajiri.

Makala hii inakusudia kuuliza ni kwa namna gani yatupasa kumkumbuka mwimbaji wa aina hiyo. Hoja yetu ni kwamba wasifu wa Kiswahili, kama tulivyourithi, una kiolezo chake, na kwamba kiolezo hicho hakimwenei Bi Kidude. Tukimkata ili aingie humo, tutapoteza sehemu ya historia ambayo yeye alikuwa mmoja wa walinzi wake wakuu.

Yafaa msomaji ajue mwandishi anasimama wapi. Mimi ni mzaliwa wa Kangundo, Machakos, mahali palipo mbali na pwani na mbali na taarab. Habari za kifo cha Bi Kidude zilinifikia ng'ambo, nilikokuwa nikisomea shahada ya uzamili. Wiki ile mwalimu wetu mmoja alituwekea darasani santuri yake, akasimamisha pale ngoma inapoingia, kisha akanigeukia mimi, Mwafrika Mashariki pekee katika chumba kile, akaniuliza ngoma ile inafanya kazi gani. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefaulu mitihani yote ya fasihi ya Kiswahili niliyopewa tangu shule ya msingi, na hapana mtihani hata mmoja ulioniuliza swali hilo.

2. Maisha yake na tatizo la tarehe

Bi Kidude alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, akiwa binti wa mwuza nazi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa. Magazeti mengi yalimpa miaka zaidi ya mia moja, yakitegemea kauli yake kwamba alizaliwa wakati fedha ya rupia ikitumika. Mwanahistoria hana budi kuipima kauli hiyo. Katika Kenya na Tanganyika rupia iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini Unguja iliendelea kuitumia mpaka 1936, shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake. Kwa hiyo ushahidi wa rupia peke yake hauthibitishi mwaka 1910 wala 1915. Unathibitisha tu kwamba alizaliwa kabla ya 1936.

Ushahidi ulio na nguvu zaidi ni ule wa muziki wenyewe. Kwa masimulizi yake, alizijua nyimbo za Siti binti Saad kwa kumsikiliza Siti mwenyewe, wakati Siti alipokuwa katika kilele cha sifa zake. Siti alihamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za kwanza za taarab ya Kiswahili. Alifariki 1950. Mtoto aliyeyashuhudia mambo ya miaka ya 1920 ni mtoto wa kizazi kilichozaliwa muda mfupi baada ya amri ya 1897 ya kukomesha utumwa Unguja. Kwa kusudi la makala hii, kizazi hicho kina maana kubwa kuliko mwaka kamili, kwa sababu ndicho kizazi kilichobuni upya maana ya uungwana, ya mavazi, ya ngoma na ya jina la mtu katika mitaa ya Ng'ambo.

Alisimulia kwamba alitoroka akiwa msichana mdogo ili kuepuka ndoa ya kulazimishwa, akavuka kwenda bara, akazunguka sehemu nyingi za Tanganyika kwa miguu, akiwa peku. Katika miaka ya 1930 aliimba Dar es Salaam. Katika miaka ya 1940 alirudi Unguja, akajipatia kijumba, na akaishi kwa kazi za mkono wake: kupaka hina, kutibu kwa miti shamba na kuwafunda wanawari. Jukwaa la ulimwengu lilimjia akiwa tayari mzee. Kuanzia miaka ya 1980 alisafiri Ulaya, Uarabuni na Japani. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX, na mwaka 2006 filamu juu ya maisha yake ilitolewa. Katika tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, watazamaji wengi walifika hasa kwa ajili yake.

3. Kiolezo cha wasifu

Kitabu kinachotawala fikira zetu juu ya mwanamke mwimbaji ni *Wasifu wa Siti binti Saad*, kilichoandikwa na Shaaban Robert na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1958. Hapana shaka ni kazi adhimu. Mwandishi alichukua maisha ya mwanamke aliyezaliwa Fumba katika ufukara, mfinyanzi na mwuza vyungu, akayaweka katika safu moja na maisha ya watu wakuu. Wakati ambapo wasifu uliochapishwa ulikuwa aghalabu wa masultani na mashujaa, hilo lilikuwa tendo la kijasiri.

Lakini wasifu ule una kusudi la kuadibu. Msomaji anaonyeshwa jinsi subira, unyenyekevu na juhudi zinavyomwinua mnyonge. Kila taabu inazaa funzo, na kila dhihaka inajibiwa na heshima. Kiolezo hiki kiliingia mashuleni na kwa muda mrefu kimetufundisha jinsi ya kumsifu marehemu. Kina mahitaji matatu: mwanzo wa dhiki, safari ya kupanda, na mwisho wenye staha.

Bi Kidude analo hitaji la kwanza tu kwa ukamilifu. Safari yake haikuwa ya kupanda. Ilikwenda mbele, ikarudi, ikazunguka. Wala hakuitafuta staha kwa maana ambayo jamii ya mjini iliitaka kwa mwanamke. Siti aliimba amejifunika. Bi Kidude alilitupa buibui. Ndiyo maana watu waliomsifu walijikuta wakichagua: ama wakanyamaza juu ya sigara na pombe, ama wakazifanya kichekesho cha bibi kizee. Njia zote mbili zinakwepa jambo lenyewe. Msichana aliyeikimbia ndoa akiwa na miaka kumi na kitu alilipa gharama ya uhuru wake kwa upweke, kwa umaskini na kwa kusemwa. Kumwita mkorofi ni kuificha gharama hiyo. Kumwita mtakatifu ni kuificha pia.

4. Unyago na kilumi

Kuna jambo la pili ambalo kiolezo cha wasifu hulifuta, nalo kwa mwanafunzi wa lugha ndilo zito zaidi. Taarab ilimpa Bi Kidude jina, lakini kazi yake ya miaka mingi ilikuwa unyago. Mafunzo haya ya wasichana waliovunja ungo, pamoja na ngoma zake, yalifika Unguja na watu wa bara na wa kusini: Wayao, Wanyasa, Wamakonde, Wazaramo na wengineo, ambao wengi wao waliletwa kama watumwa. Humo mwali hufundishwa habari za mwili wake, usafi, ndoa, raha na hatari. Mafunzo hupitishwa kwa nyimbo, mafumbo, miondoko na lugha isiyokwepa. Bi Kidude alikuwa kungwi mwenye sifa kubwa, na picha inayojulikana zaidi ni ile anayopiga ngoma ndefu aliyoifunga kiunoni, ameipanda kama mpanda farasi.

Nyimbo za unyago ni fasihi simulizi kwa kila kigezo tunachotumia madarasani. Zina fumbo, takriri, kiitikio, fanani na hadhira. Lakini katika mihadhara niliyohudhuria zilitajwa kwa sentensi moja kisha zikaachwa, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa matusi au mambo ya wanawake. Hivyo msomi humsifu Bi Kidude kwa *Muhogo wa Jang'ombe* na kuupita kimya ufundi uliomlisha.

Hapa naomba ruhusa ya kurudi Kangundo. Nilipokuwa mtoto, susu yangu alikuwa mpigaji wa kilumi. Hiyo ni ngoma ya Wakamba inayoongozwa na wanawake watu wazima. Huchezwa ili kuita aimu, yaani roho za wahenga, kuponya wagonjwa na kuomba mvua. Ngoma zake ni ndefu, na wapigaji ni wanawake. Wamisheni walifika Ukambani katika karne ya kumi na tisa, na kwa muda mrefu makanisa yaliwataka waumini waiache. Katika nyumba yetu ilikuwa aibu. Susu aliitwa mpagani na wanawe mwenyewe siku za Jumapili, na siku za kiangazi kikali aliitwa kwa siri na majirani wale wale waliokaa viti vya mbele kanisani. Alipofariki, ibada ya mazishi ilimtaja kama mama mlezi na mkulima hodari wa kahawa. Ngoma haikutajwa. Hapana aliyekuwa amemwuliza maneno ya nyimbo zake, nami nikiwamo.

Simaanishi kwamba kilumi na unyago ni kitu kimoja. Asili, lugha na makusudi yake ni mbalimbali. Kinachofanana ni namna zilivyosahauliwa. Katika pande zote mbili mwanamke aliyeshika ngoma alikuwa mwalimu na mganga, jamii ilimhitaji na kumwonea haya kwa wakati mmoja, na alipokufa ilimheshimu kwa kuacha kutaja kazi yake. Swali la mwalimu wangu wa ng'ambo lilinishinda kwa sababu hiyo. Sikukosa jibu kwa kuwa mimi si mtu wa pwani, kwani jibu la aina yake lilikuwapo uani kwetu na nilikuwa nimefundishwa kutolisikia.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba kumkumbuka Bi Kidude kwa haki kwahitaji mambo mawili. Kwanza, wasifu wake uandikwe pamoja na mikasa yake, bila kuifanya funzo la maadili wala kichekesho. Pili, kazi ya kungwi ipewe nafasi yake katika historia ya fasihi ya Kiswahili, sambamba na taarab.

Jambo la pili lina haraka. Sauti ya Bi Kidude ya taarab imehifadhiwa katika santuri, na wanafunzi watakaokuja wataipata. Nyimbo za unyago zimo vifuani mwa wanawake wazee wa Unguja, Tanga na Mtwara, kama za kilumi zilivyomo kwa wazee wachache wa Kangundo na Mwala. Si zote zinazofaa kuchapishwa. Nyingine ni amana ya wenyewe, na mtafiti, hasa mwanamume, yampasa aombe na akubali kukataliwa. Lakini kuuliza kwa adabu ni wajibu wetu. Mwaka huu nimewapa wanafunzi wangu zoezi la kwenda kwa bibi zao, wabebe daftari, na waanze kwa kuuliza jina la ngoma aliyoicheza ujanani. Wengine wamerudi na kurasa mbili. Mmoja alirudi na daftari tupu, akaniambia kwamba bibi yake alicheka sana, kisha akamwambia arudi tena, aje na dada yake.