Mbolea ya ruzuku: Hela haiji kwenye simu, unafuu uko dukani

Wakulima wengi wakisikia ruzuku wanasubiri meseji ya hela. Kwa mbolea Tanzania haiko hivyo: unalipa pungufu dukani, serikali inamalizia.

Ilianzaje?
Bei ya mbolea ilipanda duniani, na vita ya Ukraine ya 2022 ikazidisha. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ukapita Sh120,000. Agosti 8, 2022, siku ya Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua ruzuku. Sh150 bilioni zilitengwa kwa msimu wa 2022/23, na DAP ikashuka hadi kama Sh70,000.

Unaipataje?
1. Jiandikishe kwa mtendaji wa kijiji au mtaa: jina, simu, zao na ekari zako.
2. Utapewa namba ya mkulima.
3. Nenda kwa wakala aliyesajiliwa. Ataingiza namba yako kwenye mfumo, nawe utalipa bei ya ruzuku tu. Tofauti inalipwa na serikali kwa kampuni ya mbolea.

Kuwa makini
Mgawo wako unategemea ekari ulizoandikisha. Ukitaja chache, utapungukiwa. Ukimwazima mtu namba yako, akachukua mbolea, mfumo utasoma kuwa wewe ndiye umechukua, na msimu ndo umeisha hivyo.

Shamba likiongezeka au ukibadili zao, rudi kwa mtendaji arekebishe taarifa kabla ya mvua. Na akipiga mtu anataka "hela ya kufungulia ruzuku", kata simu.