Kutoka Langas hadi Shimoni: Historia ya Safari ya Kuona Nyangumi na Pomboo

Kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, nyangumi wa nundu huingia katika maji ya Kenya. Hutoka bahari ya kusini karibu na Antaktika, wanakoshiba vijidudu vya baharini jamii ya kamba, na huja kuzaa na kupandana kwenye maji yenye joto. Njiani hawali karibu chochote. Miezi hiyohiyo ndiyo ya baridi mjini Eldoret. Mji huo uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika mtaa wa Langas, upande wa kusini kando ya barabara ya Kisumu, Julai ni mwezi wa matope, masweta na jiko la makaa. Mvua ya mawe ikipiga Uasin Gishu, mashamba ya ngano hugeuka meupe kwa muda mfupi, na hiyo ndiyo theluji pekee ambayo wakazi wengi wamewahi kuishika. Sili, mnyama wa fukwe za baridi, hana makazi Afrika Mashariki. Walio karibu zaidi wako Namibia na Afrika Kusini. Kwa hiyo mtu wa Langas anayetaka kumwona mnyama wa baharini anayepumua hewa na kunyonyesha mtoto huteremka Mombasa, kisha huelekea Shimoni au Watamu. Ni safari ya kilomita zipatazo 800 kabla ya kuiona bahari, na desturi ya kuifanya kwa kujifurahisha ni changa kuliko wengi wanavyodhani.

Waliotangulia kusafiri kati ya ncha hizo mbili ni watu wa pwani, si wa bara. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu ilipanda kutafuta pembe za ndovu, ikafika Baringo na Mumias. Wanandi waliizuia mara nyingi isipite kwao, na sifa yao ya ukali ilisambaa hadi Mombasa. Mskochi Joseph Thomson alipouvuka uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1883 akielekea Mumias, aliukuta karibu hauna watu, baada ya vita baina ya koo za Wamaasai. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, lakini haikupita Eldoret. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini walishukia Mombasa, wakapanda garimoshi hadi Nakuru, kisha wakapandisha mlima kwa magari ya maksai. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba namba 64, ndiyo sababu wazee bado huuita mji huo Sisibo, yaani “sixty-four”. Tawi la reli lilifika Eldoret mwaka 1924, likipita Timboroa, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,700.

Reli ilifungua njia ya kuteremka baharini, ila haikumfungulia kila mtu kwa namna moja. Walowezi wa Uasin Gishu waliweza kwenda kupumzika. Malindi ilikuwa na hoteli za Wazungu katika miaka ya 1930, na wageni walikwenda huko kuvua samaki wakubwa kwa ndoano. Mwafrika wa bara alikwenda pwani kwa sababu nyingine. Alikwenda kufanya kazi bandarini Kilindini, relini au majumbani, akiwa na kipande shingoni baada ya sheria ya usajili kuanza kutekelezwa mwishoni mwa miaka ya 1910. Bahari aliiona akiwa na gunia begani. Hilo lapasa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba watu wa bara hawakuwa na hamu ya bahari: waliikaribia kwa miaka mingi bila nafasi wala pesa ya kuitazama.

Langas yenyewe ni mtaa wa baada ya uhuru. Ardhi iliyokuwa ya mashamba ilikatwa viwanja, nyumba za mabati na udongo zikaongezeka, na wafanyakazi kutoka Magharibi, Nyanza, Bonde la Ufa na Kati wakakaa jirani kwa jirani. Viwanda vya mji viliwavuta: Rivatex ya nguo iliyoanzishwa miaka ya 1970, kiwanda cha maziwa, viwanda vya mbao, na Ken Knit inayotengeneza blanketi na masweta. Mshahara wa kiwandani haukuwa wa likizo. Aliyekuwa na ndugu Mombasa alikwenda kumtembelea au kumzika, na ufukweni alipita siku moja.

Upande wa pwani, mambo hayakuwa tofauti sana. Wavuvi wa Pate, Wasini na Vanga wamewajua wanyama hawa tangu zamani, lakini hawakuwajua kama kivutio. Pomboo alikuwa jirani wa kazini. Nguva, ambaye leo ni adimu mno hata kwenye visiwa vya Lamu, alikuwa nyama na mafuta. Nyangumi alithaminiwa kwa ambari, nta ya manukato inayotoka tumboni mwa nyangumi wa aina nyingine, nyangumi mbegu, na kutupwa ufukweni na mawimbi. Mwarabu al-Masudi, aliyesafiri katika bahari ya Zanji mapema katika karne ya 10, aliitaja ambari ya pwani hii kuwa bora kuliko nyingine. Kwa karne nyingi iliuzwa nje pamoja na pembe na magamba ya kasa.

Nyangumi wa nundu wenyewe hawakuonekana sana, na sababu ni pepo. Wanakuja wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka. Mvuvi wa dau au ngalawa miezi hiyo hubaki ndani ya mwamba wa matumbawe, ilhali nyangumi hupita nje yake. Huenda mvuvi akaishi maisha yake yote akimwona kwa nadra mnyama wa mita 14 anayepita kilomita chache tu kutoka kijijini kwake. Wageni wenye meli kubwa hawakuzuiwa na kusi. Wamarekani waliowinda nyangumi katika Bahari ya Hindi walitia nanga Zanzibar katika karne ya 19, na katika karne ya 20 meli za chusa za injini ziliua nyangumi wa nundu zaidi ya 200,000 katika nusu ya kusini ya dunia. Kituo cha uwindaji cha Durban kilifungwa mwaka 1975 tu. Nyangumi wa nundu walikuwa wamelindwa kwa sheria ya kimataifa tangu 1963, ingawa Wasovieti waliendelea kuwaua kwa siri. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Shelisheli, Bahari ya Hindi ikatangazwa hifadhi ya nyangumi. Bila hatua hizo hakungekuwa na cha kwenda kutazama.

Hifadhi za Kenya nazo zilianza kwa ajili ya matumbawe, si nyangumi. Malindi na Watamu zilitangazwa hifadhi za bahari mwaka 1968. Kisite, karibu na kisiwa cha Wasini, ilifuata katika miaka ya 1970. Shimoni, kijiji kinachotazama Wasini, kiliwahi kuwa makao ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, na mapango yake yana kumbukumbu za utumwa. Kijiji hicho kilichosahaulika kikapata kazi mpya. Mashua za kuwapeleka wageni Kisite kuogelea kwenye matumbawe zilikuta pomboo wengi njiani, na manahodha wakaona kwamba wageni walifurahia pomboo kuliko samaki. Wasini, wanawake walijenga njia ya mbao juu ya mikoko na miamba, wakatoza kiingilio. Ni mfano mzuri wa mapato ya utalii kukaa mikononi mwa wenye kisiwa, jambo lisilotokea mara nyingi.

Nyangumi waliingia katika biashara hiyo wakiwa wamechelewa sana. Kuanzia mwaka 2011 watafiti walianza kukusanya kwa utaratibu taarifa za manahodha wa uvuvi wa michezo Watamu, ambao mashua zao hutoka nje ya mwamba hata kusi ikivuma, na ikadhihirika kwamba nyangumi wengi hupita na watoto wao. Hapo ndipo waandaaji wa safari walipoanza kuuza Julai hadi Septemba kama msimu wa misafara miwili ya wanyama: nyumbu wanaovuka Mto Mara na nyangumi wanaopita Watamu. Baada ya hapo likaja suala la adabu baharini: mashua isimkimbize mnyama, isimkatie njia, isimtenganishe na mtoto wake, na nahodha apunguze mwendo anapokaribia. Kwa pomboo wa Kisite sharti hilo ni gumu zaidi kulitimiza, kwa sababu mashua kadhaa hukusanyika mahali pamoja asubuhi moja.

Kilichowaleta watu wa Langas kwenye mashua hizo ni mabadiliko ya usafiri na ya namna ya kuweka akiba. Basi la usiku kutoka Eldoret lilikuwapo kitambo. Treni ya SGR kati ya Nairobi na Mombasa, iliyozinduliwa mwaka 2017, ilipunguza sehemu ya mwisho hadi saa tano hivi. Vyama vya akina mama, makanisa na shule hukodi basi na kuchanga kidogo kidogo mwaka mzima. Wengi huenda Desemba, shule zikifungwa na kaskazi ikiwa imetuliza bahari. Hao huwaona pomboo, kwani nyangumi wamekwisharudi kusini kula. Likizo ya Agosti ndiyo inayoangukia msimu wa nyangumi, lakini ni fupi, karo ya muhula wa tatu inasubiri, na mawimbi huwatapisha wengi wasiozoea. Ndiyo maana mwanafunzi wa Langas aliyefika Shimoni ana uwezekano mkubwa wa kuwa amemwona pomboo kuliko nyangumi.