Richard Tauber: Mfalme wa opereta aliyewakimbia Wanazi

KABLA ya kuja kwa kaseti, santuri ndiyo iliyoziingiza sauti za waimbaji wakubwa katika nyumba za watu. Miongoni mwa Wazungu waliojengewa jina na chombo hicho ni Richard Tauber, mwimbaji wa sauti ya teno kutoka Austria, aliyerekodi nyimbo zaidi ya 700 katika kipindi kinachokaribia miaka 30.

Tauber alizaliwa Mei 16, 1891 katika mji wa Linz. Wazazi wake wote wawili walikuwa watu wa jukwaani. Baba yake, Anton Richard Tauber, alikuwa mwigizaji wa asili ya Kiyahudi aliyeingia katika Ukatoliki, na kijana huyo alilelewa katika imani hiyo. Alisoma muziki Frankfurt, kisha akafunzwa uimbaji na mwalimu Carl Beines mjini Freiburg.

Mwanzo wa safari

Alipanda jukwaani rasmi Machi 2, 1913 mjini Chemnitz, Ujerumani, katika jumba lililokuwa chini ya uongozi wa baba yake. Aliimba nafasi ya Tamino katika opera ya Mozart, Die Zauberflöte. Mwaka huohuo alipata mkataba wa miaka mitano katika jumba la opera la Dresden.

Huko alijulikana kwa wepesi wa kujifunza nafasi mpya. Mwaka 1926, Turandot ya Puccini ilipokuwa ikionyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Ujerumani, Tauber aliitwa kuziba pengo la mwenzake zikiwa zimebaki siku chache tu. Akaimba, na onyesho likafanikiwa.

Ushirikiano na Lehár

Hata hivyo, umaarufu wake mkubwa ulitokana na opereta, yaani mchezo wa kuimba ulio mwepesi kuliko opera, wenye mazungumzo, dansi na visa vya mapenzi. Mtunzi Franz Lehár aliitambua sauti hiyo akaanza kuitungia kazi. Paganini haikufanya vizuri mjini Vienna mwaka 1925, lakini Tauber alipoiimba Berlin mwaka 1926 ilishangiliwa. Zikafuata Der Zarewitsch mwaka 1927, Friederike mwaka 1928 na Das Land des Lächelns mwaka 1929.

Katika kila mchezo Lehár alimwekea wimbo mmoja mkubwa, na watu wakaziita nyimbo za namna hiyo "Tauberlied", yaani wimbo wa Tauber. Uliovuma kuliko zote ni Dein ist mein ganzes Herz. Jukwaa liliutangaza wimbo, santuri ikaupeleka mbali, na aliyeusikia nyumbani akatamani kumwona mwimbaji mwenyewe. Mwaka 1931 Tauber aliimba mchezo huo London na kupata wapenzi wapya.

Kukimbia Ujerumani

Umaarufu huo haukumkinga. Mapema mwaka 1933, muda mfupi baada ya Hitler kushika madaraka, wanamgambo wa chama cha Nazi walimshambulia Tauber mjini Berlin kwa sababu ya asili yake. Akarejea Austria, na Januari 1934 akaimba katika onyesho la kwanza la Giuditta, kazi ya Lehár, katika jumba la opera la taifa mjini Vienna.

Machi 1938 Ujerumani iliimeza Austria, naye akabaki bila nchi. Vita vilipoanza Septemba 1939 alikuwa ziarani Afrika Kusini. Mwaka 1940 alipewa uraia wa Uingereza, ambako alikwisha kucheza filamu kadhaa, ikiwemo Blossom Time ya mwaka 1934, na kumwoa mwigizaji Diana Napier mwaka 1936.

Wengine hawakupata kimbilio. Fritz Löhner-Beda, mmoja wa waandishi wawili wa maneno ya Dein ist mein ganzes Herz, aliuawa katika kambi ya Auschwitz Desemba 1942.

Onyesho la mwisho

Wakati wa vita Tauber aliimba, akaongoza okestra na kutunga opereta yake, Old Chelsea, ya mwaka 1943. Baada ya vita alikuwa na kipindi chake katika redio ya BBC.

Septemba 1947 kundi la opera la Vienna, alilotengana nalo tangu mwaka 1938, lilizuru London. Tauber alikuwa tayari na saratani ya mapafu. Septemba 27 aliungana na wenzake katika jumba la Covent Garden, akaimba nafasi ya Don Ottavio katika Don Giovanni ya Mozart, nafasi inayodai pumzi ndefu. Siku chache baadaye aliondolewa pafu moja.

Alifariki dunia London Januari 8, 1948, akiwa na umri wa miaka 56, na kuzikwa katika makaburi ya Brompton. Lehár alimfuata Oktoba mwaka huohuo. Santuri za Tauber zimehamishiwa katika kaseti, diski na mitambo ya kompyuta, nazo zinaendelea kusikilizwa.