Inveta ya betri na stima ya kijito: mambo ya kujua kabla ya kununua

Huku chini ufuoni hatuna maporomoko ya maji, ndiyo maana mazungumzo yetu ya nishati ni jua na upepo tu. Lakini panda Vilima vya Taita, kutoka Mwatate kuelekea Wundanyi, utakuta vijito vinavyoteremka usiku na mchana. Mtu mwenye bomba, gurudumu la maji na jenereta anaweza kupata stima bila kungoja nguzo. Kilio huja baadaye: taa zinafifia na kung'aa, redio inakoroma, friji inaungua. Wengi siku hizi wanaambiwa dawa ni inveta ya betri. Ni kweli, ila kuna inveta na inveta.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Jenereta ya kawaida ya nguzo nne za sumaku hutakiwa kuzunguka mara 1,500 kwa dakika ili itoe umeme wa hezi 50, sawa na ule wa volti 240 tunaoujua majumbani. Maji yanasukuma kwa nguvu ile ile saa zote, lakini mzigo haukai mahali pamoja. Jirani akichomeka pasi, gurudumu linapungua kasi na taa zinafifia. Saa nne usiku watu wakizima taa, gurudumu linakosa cha kulizuia, linakimbia, volti zinapanda na vifaa vya wale ambao hawajalala vinaungua. Mota ndizo huumia kimya kimya, kwani volti zikishuka mota hupata moto kupita kiasi, na mwenyewe hajui mpaka anuse harufu.

Dawa ya zamani ni kidhibiti mzigo, ambacho mafundi hukiita ELC. Hiki hupeleka umeme uliozidi kwenye hita ndani ya pipa la maji, ili jenereta ione mzigo ule ule kila wakati. Ni kifaa kizuri na cha bei nafuu, nami singemshauri mtu kukidharau. Kasoro yake ni moja: hakiwezi kuongeza hata wati moja. Mtambo wa Tungu-Kabiri kule Meru, unaojulikana sana miongoni mwa miradi midogo nchini, ni wa kilowati 18. Vijito vyetu vingi havifiki hapo hata robo, na hapo ndipo betri inapopata kazi.

Piga hesabu hii. Chukua ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde mbili, una lita 10 kwa sekunde. Zidisha kwa mita za mteremko, kisha kwa 9.81. Kwa mteremko wa mita 20 utapata wati 1,962 za maji, na mtambo mdogo hutoa takriban nusu yake, tuseme wati 950. Zinaonekana chache, lakini hazilali: kwa saa 24 ni karibu yuniti 23. Paneli za jua za wati 950 haziwezi kukupa hata nusu ya hizo kwa siku. Shida ni kwamba saa moja jioni nyumba zinataka wati 1,800 kwa pamoja, na saa nane usiku hakuna anayetaka kitu.

Kuna njia mbili za kuweka betri hapo katikati. Ya kwanza ni kugeuza umeme wote wa jenereta kuwa DC, kuuingiza kwenye betri, kisha inveta itoe AC safi ya hezi 50. Kasi ya gurudumu ikiyumba, nyumba hazioni. Kwa mtambo wa chini ya kilowati mbili hivi, hii ndiyo njia ninayoipendelea. Ya pili ni inveta ya pande mbili, inayoungana na jenereta ya AC moja kwa moja, ikinyonya ziada na kujazia upungufu papo hapo.

Hapa kwenye njia ya pili ndipo watu huibiwa wakiwa macho. Inveta nyingi za bei nafuu zinazoandikwa "hybrid" hupokea AC na kuipitisha ilivyo, na huhamia betri tu stima ikipotea. Ukiunganisha jenereta inayoyumba, yumbayumba yote inapita hadi sebuleni. Muulize muuzaji swali moja tu: je, inveta hii inaweza kusaidia jenereta wakati huo huo inapofanya kazi, au inabadilishana nayo? Akisita, ondoka dukani.

Mtego mwingine uko kwenye njia ya kwanza. Kidhibiti chaji cha sola hukata betri ikijaa. Paneli haina neno, inakaa tu juani. Gurudumu la maji likikatiwa mzigo linakimbia, na volti zinaweza kupanda hata mara mbili na kukichoma kidhibiti chenyewe. Kwa hiyo ile hita ya ziada bado inahitajika hata ukiwa na betri.

Betri kiasi gani? Kwa mfano wetu, jioni inapungukiwa wati 850 kwa saa nne, yaani yuniti 3.4, ongeza za kupotea njiani, ziwe karibu nne. Betri moja ya lithiamu ya volti 48, ampea-saa 100, inatosha. Za asidi hazifai kumalizwa zaidi ya nusu, hivyo utahitaji nane za volti 12. Usijaribu mfumo wa volti 12 kwa inveta ya wati 3,000: nyaya zitabeba ampea 250, ilhali kwa volti 48 ni 63 hivi. Fyuzi ya DC iwe karibu na betri, na betri za asidi zisikae chumba cha kulala.

Mashine ya posho ni kesi ya pekee. Mota ya kilowati 2.2 huvuta mara tano au zaidi inapowashwa, na inveta ya wati 3,000 itazima papo hapo. Kifaa cha kuiwasha mota polepole ni rahisi kuliko inveta kubwa.

Pima maji mwezi wa Februari au Septemba, wakati kijito kimenywea, maana inveta haizai maji. Kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kinahitajika hata kama maji unayarudisha mtoni, na fundi wa nyaya awe na leseni ya EPRA. Mwombe akuandikie ukutani volti za betri zinazoruhusiwa, juu na chini, ili anayebaki nyumbani ajue ni lini azime pasi.