Wahamiaji wa Uhabeshi na Hukumu ya Mkaazi wa Ugenini



Kwa sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mtu mzima anayechukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine hupoteza ule wa kwao. Kenya imekwenda njia nyingine: Katiba ya mwaka 2010 imemruhusu raia wa kuzaliwa kushika pasipoti mbili. Ndiyo maana Watanzania wengi walioko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba huishi kwa kibali cha ukaazi miaka na miaka, pasipoti ya nyumbani ingali mfukoni. Wakirudi likizo huambiwa kuwa wao si wa huku tena. Maneno ya namna hii waliwahi kuyasikia Maswahaba, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe akayatolea uamuzi.

Katika mwaka wa tano wa Utume, sawa na 615 Miladia, Waislamu wa Makka walianza kuvuka bahari kwenda Uhabeshi. Kwa hesabu ya Ibn Is-haq wanaume walifikia kiasi cha 83, mbali na watoto. Maquraish walimtuma Amr bin al-Aas na mwenzake wakiwa na zawadi za ngozi ili wageni hao warudishwe. Najashi alimsikiliza Ja'far bin Abi Talib, akazikataa zawadi, akawapa wageni amani ya kukaa katika ardhi yake. Bibi Umm Salama (r.a.) amesimulia kuwa alipoinuka mtu kumpinga mfalme huyo, Waislamu walimuombea Najashi ushindi, na Zubayr akavuka mto kwa kuogelea juu ya kiriba kilichojazwa upepo ili awaletee habari za vita.

Hapa pana jambo ambalo mara nyingi hupitwa haraka mimbarini. Mtume (s.a.w.) alihamia Madina mwaka 622, na dola ya Waislamu ikasimama. Wako waliokwisha kurudi, kama Uthman bin Affan. Lakini Ja'far na wenzake waliendelea kukaa Uhabeshi hadi mwaka wa 7 Hijria (628), wakati Badr, Uhud na Khandaq zimekwisha pita.

Walipofika, Khaybar ilikuwa imekombolewa. Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa nao jahazini, anaeleza katika Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) hakumgawia ngawira mtu yeyote ambaye hakuhudhuria Khaybar, isipokuwa watu wa jahazi lile. Yaani waliokuwa nje kwa miaka yote hiyo walipewa fungu kama waliopigana.

Hata hivyo, manung'uniko hayakukosekana. Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta Asmaa bint Umays, mke wa Ja'far, nyumbani kwa Hafsa. Akauliza kama huyu ndiye yule Mhabeshi, yule wa baharini, kisha akamwambia kuwa wao wamewatangulia katika hijra na wana haki zaidi kwa Mtume. Asmaa alighadhibika. Akaapa kuwa hatakula wala kunywa mpaka amfikishie Mtume (s.a.w.) maneno hayo, na jibu likawa kwamba Umar na wenzake wana hijra moja, na watu wa jahazi wana mbili. Watu wa jahazi wakawa wanamjia Asmaa makundi kwa makundi awasimulie tena hadithi hiyo.

Tusitumie kisa hiki kuhalalisha kila safari. Wanachuoni wameshurutisha mtu aweze kuidhihirisha dini yake, na al-Mawardi (aliyefariki 450 H/1058) aliona kuwa akiweza hilo, kubaki kwake ni bora kuliko kuhama. Tena amani ina pande mbili: aliyeingia kwa amani haruhusiwi kuwahini waliompa. Anayefunga ndoa ya makaratasi ili apate kibali na aipime ndoa hiyo kwa mizani hii.

Kwa maimamu walioko huko, suala lina uzito wa ziada. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, wanaotimiza idadi ya 40 katika Ijumaa ni *mustautin*, watu waliopafanya mahali hapo kuwa makazi yao ya kudumu. Mwanafunzi au mfanyabiashara anayenuia kurudi kwao, japo baada ya muda mrefu, Ijumaa inamuwajibikia, lakini je, anahesabiwa? Abu Ali bin Abi Hurayra alisema ndiyo. Abu Is-haq al-Marwazi akasema hapana, na hii ndiyo kauli iliyopewa nguvu. Basi msikiti wa ugenini waweza kujaa watu 60 wenye vibali, na bado imamu akabaki na shaka. Kibali hakimjibu, kwani kinachoangaliwa ni nia ya kila mmoja wao. Abu Hanifa hakushurutisha hilo. Kwake watatu pamoja na imamu wanatosha, hata wakiwa wasafiri, na tunawajua maimamu wa Kishafi'i walioichukua kauli hiyo huko waliko.