Mkataba wa Mkondo wa Benguela

Mkataba wa kikanda uliotiwa saini tarehe 18 Machi 2013 mjini Benguela na Angola, Namibia na Afrika Kusini. Unahusu bahari ya kusini-magharibi mwa Afrika, ambako upepo husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi yenye virutubisho hupanda kutoka kilindini. Ndiyo siri ya wingi wa samaki wake.

Wingi huo una kikomo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, sardini wa Namibia waliporomoka kwa kuvuliwa kupita kiasi, konyeza wakatapakaa.

Kamisheni ya mkataba, yenye sekretarieti Swakopmund, huratibu utafiti wa pamoja. Viwango vya uvuvi, hata vya samaki wavukao mipaka, bado huamuliwa na kila serikali, jambo linaloipunguzia kamisheni makali.