Jembe la Antonio

Yako maneno ambayo sisi wachungaji huyasikia mara kwa mara: "Mchungaji, nimechoka na watu. Nikipata shamba huko mbali porini, nitalima changu, nitakula changu, nitasali na Mungu wangu." Hatuyacheki. Watu huchosha kweli, na usharika nao huchosha. Lakini wasemao hivyo mara nyingi huwataja watakatifu wa kale waliokwenda jangwani, kana kwamba hao waliweza. Basi na tuwatazame waliishije.

Anayejulikana kuliko wote ni Antonio wa Misri. Habari zake tunazipata hasa kwa Athanasio, askofu wa Iskanderia, yule yule aliyetetea imani ya Nikea dhidi ya Ario. Aliandika maisha ya Antonio muda mfupi baada ya mzee huyo kufariki mwaka 356, akiwa na umri wa miaka 105. Kitabu chake kimejaa vita na mashetani, na wasomaji wengi huvutwa na hayo. Sisi tunavutwa na jambo dogo zaidi: mkate wake ulitoka wapi?

Wazazi wake walikuwa Wakristo wenye mali. Walipofariki, yeye alikuwa kijana wa miaka 18 au 20, akaachiwa mdogo wake wa kike. Siku moja aliingia kanisani akasikia likisomwa lile neno la Yesu kwa kijana tajiri, Mathayo 19:21. Alitoka akawapa wanakijiji wenzake mashamba ya urithi, yapata ekari 200, akauza vitu vya nyumbani na kuwagawia maskini. Na yule binti? Alimkabidhi kwa wanawake waaminifu waliojulikana, wamlee. Hapa tunasita kidogo, maana hatusomi popote kwamba aliulizwa anataka nini. Athanasio anatuambia tu kwamba miaka mingi baadaye Antonio alifurahi kumwona dada yake amezeeka katika utawa, akiwa kiongozi wa wanawake wengine. Kwa hiyo, kabla Antonio hajaanza kuishi peke yake, tayari kulikuwa na watu waliobeba mzigo wake. Tukumbuke hilo tunapowaona wazazi wakipanda milimani kufunga na kuomba kwa majuma, na watoto wameachwa kwa bibi yao mwenye magoti mabovu.

Mwanzoni hakwenda mbali. Alikaa karibu na kijiji chake, akijifunza kwa mzee mmoja wa kijiji jirani, akifanya kazi kwa mikono kwa sababu ya neno la Paulo katika 2 Wathesalonike 3:10. Sehemu ya mapato alinunulia mkate, sehemu aliwapa wahitaji. Baadaye alihamia makaburini, na rafiki yake akamletea mkate kila baada ya siku kadhaa. Kisha alivuka Mto Nile akajifungia katika ngome iliyoachwa, karibu miaka 20. Maji yalikuwemo ndani. Mkate ulishushwa kutoka darini mara mbili kwa mwaka, nao ni watu walioukanda, wakauoka, wakaubeba mpaka huko. Wakati ule, tungesema, alikuwa peke yake lakini hakuwa akijitegemea.

Kujitegemea kulikuja baadaye, na sababu yake ndiyo inayotugusa. Watu walipozidi kumfuata, aliungana na msafara wa Waarabu, wakasafiri siku tatu usiku na mchana hadi mlima ulio upande wa Bahari ya Shamu. Chini yake palikuwa na chemchemi safi na mitende michache. Mkate aliletewa kwanza na Waarabu, halafu na ndugu zake watawa. Alipoona jinsi ndugu hao wanavyotaabika na safari ile, aliwaomba wamletee jembe, shoka na nafaka kidogo. Akatafuta kipande cha ardhi kinachofaa, akalima, akamwagilia, akapanda, na tangu hapo akala mkate wa jasho lake. Furaha yake, asema Athanasio, ilikuwa kwamba sasa hamsumbui mtu. Hakulima kwa kuwa amechoka na watu. Alilima kwa kuwahurumia. Na jembe lenyewe lilikuwa la kuletewa!

Wageni walipoendelea kuja, aliongeza bustani ya mboga, ili aliyefika hoi apate cha kumburudisha. Wanyama wa porini waliokuja kunywa maji waliiharibu, naye akakamata mmoja wao kwa upole na kumlalamikia. Uzeeni ndugu walirudia kumletea zeituni, kunde na mafuta, na watu wawili wakakaa naye miaka 15 ya mwisho.

Sisi Walutheri tungeweza kudhani kwamba habari hizi si zetu. Luther, aliyeingia utawani Erfurt mwaka 1505, aliutoka. Na kifungu cha 27 cha Ungamo la Augsburg la 1530 kinakataa nadhiri za kitawa zinapofanywa njia ya kujipatia haki mbele za Mungu. Hata hivyo Antonio hakutupwa. Mwaka 1531, katika Utetezi wa Ungamo hilo, Melanchthon alisimulia kisa cha kale: Antonio alimwomba Mungu amwonyeshe amefika wapi katika maisha yake ya kiroho. Katika ndoto alionyeshwa fundi viatu wa Iskanderia, ajilinganishe naye. Akaenda mjini kumtafuta, akamwuliza juu ya mazoezi yake ya ibada. Fundi hakuwa na kubwa la kueleza. Asubuhi huuombea mji mzima kwa maneno machache, kisha hushika kazi yake.